Homa imeisha, mgonjwa hajapona: utoto wake una sehemu gani?

Mwaka 1952 homa ngeni iliwashika watu wa uwanda wa Makonde, kusini mwa Tanganyika. Jina lake lilitokana na neno la Kimakonde la kukunjamana, na ndilo ambalo dunia nzima inalitumia hadi leo: chikungunya. Walioitaja hivyo hawakuitaja homa, kwa sababu homa yenyewe huisha ndani ya wiki moja hivi. Walimtaja mtu anayetembea amejikunja kwa maumivu ya magoti na vifundo. Wengi hunyooka baada ya wiki chache, lakini wapo wanaobaki na maumivu kwa miezi, na wengine kwa miaka. Lamu na Mombasa waliyaonja hayo mwaka 2004.

Magonjwa yenye mkia wa namna hii ni mengi, na wadudu wake hawafanani. Kuna virusi vya Epstein-Barr vinavyoleta homa ya tezi, bakteria wa homa ya Q wanaotoka kwa mbuzi na ng'ombe, Campylobacter ya kuhara, na tangu 2020 virusi vya UVIKO-19. Kwa UVIKO, Shirika la Afya Duniani liliweka mpaka Oktoba 2021: dalili zilizopo miezi 3 baada ya ugonjwa kuanza, ambazo zimedumu angalau miezi 2 na hazielezeki kwa ugonjwa mwingine. Uchovu usioisha kwa usingizi, pumzi kukatika, kichwa kuwa kizito hadi mtu anasahau alichofuata chumbani.

Swali ambalo kila familia hujiuliza ni kwa nini huyu amepona na yule, aliyeugua wiki hiyo hiyo na nyumba hiyo hiyo, hajapona. Jibu moja linazidi kupata nguvu miongoni mwa watafiti: tazama utoto wake. Aliyelelewa kwa vipigo, njaa ya upendo na hofu ana mwili unaopambana na maambukizi kwa namna tofauti. Jibu hilo lina ukweli ndani yake. Lakini likishafika kwenye chumba cha daktari hugeuka haraka na kuwa jambo lingine, yaani "mama, haya ni mawazo tu", na hapo ndipo ninapotofautiana nalo. Utoto mgumu ni kihatarishi kinachopitia mwilini, kama uvutaji sigara. Sio jina la ugonjwa.

Tuanze na mwili. Mtoto anapotishwa, ubongo huziagiza tezi zilizo juu ya figo zimwage kortisoli. Homoni hiyo hupandisha sukari ya damu, na papo hapo hushika breki ya kinga ya mwili ili isiwake kupita kiasi. Kengele ikilia mara moja moja, mfumo hutulia. Ikilia kila jioni mlango unapogongwa, mfumo hujipanga upya: mwanzoni kortisoli hupanda mno, na baadaye, kwa watoto wengi, huacha kuitika inavyopaswa.

Ushahidi ulio safi zaidi ninaoujua juu ya hili umetoka Bucharest, Romania. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watoto 136 waliokuwa kwenye vituo sita vya malezi waligawanywa kwa bahati nasibu: nusu wakapelekwa kwenye familia za kuwalea, nusu wakaendelea na huduma ya kawaida. (Kama ilikuwa haki kuwaacha hao wa pili ni mjadala unaojitegemea, na bado haujaisha.) Walipofikia miaka 12 hivi walipimwa wakiwa wamepewa kazi za kuwatia wasiwasi. Walioachwa na huduma ya kawaida walikuwa na mwitikio butu, kortisoli na mapigo ya moyo havikupanda kama vya wenzao. Waliopelekwa kwenye familia kabla ya kutimiza miaka 2 hivi walikaribia sana watoto ambao hawakuwahi kukaa kituoni. Kwa kuwa waligawanywa kwa bahati nasibu, hatuwezi kusema tofauti hiyo ilitokana na damu ya wazazi wao.

Breki ikilegea, moto hauzimiki vizuri. Huko Dunedin, New Zealand, watoto 1,037 waliozaliwa mwaka 1972 na 1973 wamefuatiliwa tangu hapo. Walipofika miaka 32, walioteswa utotoni walikuwa na uwezekano wa takriban mara 1.8 wa kuwa na CRP ya juu, kipimo cha damu kinachoonyesha kwamba kinga imewaka. Hawakuwa wagonjwa. Walikuwa watu wazima wanaokwenda kazini, na moto mdogo ukiwaka ndani.

Halafu kuna virusi vinavyolala. Epstein-Barr na virusi vya malengelenge ya mdomo haviondoki mwilini hata siku moja. Kinga huvifungia tu. Mwaka 2009 watafiti wa Wisconsin, Marekani, walipima mate ya vijana wakitafuta kingamwili dhidi ya virusi vya malengelenge. Waliowahi kupigwa na wale walioasiliwa kutoka vituo vya yatima walikuwa nazo nyingi kuliko wengine, ishara kwamba kinga yao inatoka jasho zaidi kuvizuia. Na hao walioasiliwa walikuwa wameshakaa miaka mingi katika nyumba tulivu. Mlango wa kituo ulifungwa nyuma yao, lakini mwili ulikuwa bado unalinda.

Hadi hapo hoja inasimama. Inapoanza kuyumba ni pale inapovuka kutoka "mwili wake una tofauti" hadi "ndiyo maana hajapona".

Namba inayotajwa sana ni mara 6. Ilitoka kwa Christine Heim na wenzake mwaka 2009, jimbo la Georgia: watu 113 wenye ugonjwa wa uchovu sugu walilinganishwa na 124 wenye afya, na madhila ya utotoni yakaonekana kuongeza hatari mara 6. Waligundua pia kwamba kortisoli ya asubuhi ilikuwa chini kwa wagonjwa wenye historia ya madhila tu. Wagonjwa wasio na historia hiyo walikuwa na kortisoli ya kawaida. Mimi naona hilo la pili ndilo la maana zaidi, kwa sababu linaonyesha kwamba uchovu sugu una zaidi ya barabara moja. Lakini vigezo walivyotumia kumtambua mgonjwa vilikuwa vipana mno, na wakosoaji walisema mapema kwamba wavu huo ulinasa watu wengi wenye sonona. Ukichanganya sonona na uchovu wa baada ya maambukizi kwenye kapu moja, lazima utoto mgumu utajaa humo, maana uhusiano wake na sonona ni mkubwa na umethibitishwa mara nyingi.

Njia bora ni kuanza na watu siku wanapougua, kisha kusubiri. Hilo lilifanyika Dubbo, mji wa mashambani huko Australia. Wagonjwa 253 waliothibitishwa kuwa na homa ya tezi, homa ya Q au virusi vya Ross River vinavyoenezwa na mbu walifuatiliwa. Baada ya miezi 6, takriban asilimia 12 walikuwa bado wagonjwa, na kiwango hakikutofautiana sana kati ya wadudu hao watatu. Kilichotabiri nani atabaki kilikuwa ukali wa ugonjwa wa mwanzo. Hali ya kisaikolojia ya kabla haikutabiri. Chikungunya nayo inasema lugha hiyo hiyo: anayebaki na maumivu mara nyingi ni mwenye umri mkubwa, aliyeumwa sana viungo wiki ya kwanza, au aliyekuwa na tatizo la viungo tangu zamani.

Kwa UVIKO picha imekaa katikati. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2022 uliwauliza watu karibu 55,000, wengi wao wauguzi, kuhusu sonona, wasiwasi, upweke na msongo kabla hawajaambukizwa, kisha ukawasubiri. Zaidi ya 3,000 waliambukizwa. Wenye msongo walikuwa na hatari ya mara 1.3 hadi 1.5 ya kubaki na dalili. Huo ni msongo wa siku zile, sio wa utotoni, ingawa mara nyingi wa pili huzaa wa kwanza.

Tuifanyie hesabu hiyo 1.5, maana hapa ndipo watu hupotea. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba utoto mgumu nao unaongeza hatari kiasi hicho hicho, na kati ya watu 100 wenye utoto tulivu walioambukizwa, 10 wanabaki wagonjwa. Kwa hatari ya mara 1.5, kati ya 100 wenye utoto mgumu watabaki 15, na 85 watapona. Sasa mmoja wa wale 15 ameketi mbele yako. Kati ya 15 hao, 10 wangebaki wagonjwa hata kama wangelelewa kwa asali na maziwa. Huna kipimo cha kujua kama huyu ni mmoja wa wale 10 au wa wale 5 wa ziada. Ukimwambia "ni utoto wako", kwa hesabu hiyo unakosea mara mbili katika kila mara tatu. Kwa mara 6 mambo yangekuwa mengine kabisa, na ndiyo maana namba ile ya Georgia haifai kurushwa ovyo.

Afrika Mashariki kuna kikwazo kingine. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto Tanzania, uliofanyika 2009, ulikuta karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18. Waliowahi kupigwa walikaribia robo tatu, wake kwa waume. Kenya mwaka uliofuata haikuwa mbali. Kitu ambacho robo tatu ya watu wanacho hakiwezi kukuambia nani kati yao atashindwa kupona chikungunya. Ukiuliza "uliwahi kuchapwa?" utapata ndiyo kwa mgonjwa, kwa muuguzi, na kwa mlinzi wa getini.

Na kumbukumbu yenyewe haiaminiki kama tunavyodhani. Uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi mwaka 2019 uliwalinganisha watu ambao mateso yao yaliandikwa walipokuwa wadogo na wale walioyasimulia ukubwani. Kati ya walioandikwa, asilimia 52 hawakuyataja walipoulizwa wakiwa wakubwa. Kati ya walioyataja ukubwani, asilimia 56 hawakuwa wameandikwa popote. Haimaanishi wanadanganya, kwani ukatili mwingi hauandikwi. Ila ni makundi mawili ya watu tofauti, na aliyeugua miaka miwili ana muda mrefu zaidi wa kitandani wa kuyapitia ya nyuma.

Robert Anda mwenyewe, ambaye pamoja na Vincent Felitti alichapisha mwaka 1998 utafiti wa San Diego uliozaa ile alama ya madhila ya utotoni inayohesabiwa leo kila mahali, aliandika na wenzake mwaka 2020 kwamba alama hiyo haifai kutumika kumpima mtu mmoja mmoja. Ilitengenezwa kwa ajili ya makundi ya watu. Alama 2 ya mtu aliyepigwa na kudhalilishwa kwa miaka kumi na alama 2 ya mtu ambaye wazazi wake waliachana na mjomba wa nyumbani akafungwa hazilingani. Tena orodha ile ya Marekani haina vita, wala vurugu za mtaani, wala uonevu wa wenzake shuleni. Shirika la Afya Duniani lililazimika kuandaa dodoso lingine ili yaingie.

Kuna barabara ambayo wachambuzi wa homoni huipita kwa kasi, na kwangu ina uzito kuliko inavyopewa. Aliyekua bila mtu wa kumtegemea mara nyingi huugua bila mtu wa kumpikia uji. Siku ya nne anarudi kwenye kibarua kwa sababu hakuna likizo ya ugonjwa ya malipo, na siku ya kumi anabeba mzigo akiwa bado na homa za jioni. Huhitaji homoni kulieleza hilo.

Sasa tuingie chumba cha daktari. Mtu akija na uchovu wa miezi mitatu kwenye zahanati zetu, anaondoka na malaria, taifodi na UTI kwa mpigo. Sababu zinajulikana. Kipimo cha haraka cha malaria kinanasa protini ya mdudu, na protini hiyo hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya mdudu kufa, kwa hiyo mtu aliyemaliza dawa mseto vizuri anaweza kusoma "ana malaria" na kupewa dozi nyingine. Kipimo cha Widal, cha taifodi, kinatafuta kingamwili, na kingamwili hukaa muda mrefu, pia huamshwa na wadudu wengine. Kabla ya kugusa utoto wa mtu, kuna vipimo vya kufanya: malaria kwa hadubini, wingi wa damu, sukari, VVU, makohozi kwa GeneXpert (mashine ya kutafuta kifua kikuu) kama kuna kikohozi au kupungua uzito, figo, ini, na tezi ya shingo pale panapopatikana. Upungufu wa damu peke yake unaweza kuiga nusu ya dalili hizi.

Vipimo vikiwa safi, kuna jaribio la bure ambalo hutenganisha mambo mawili yanayochanganywa kila siku. Mgonjwa hulala chali dakika 10 bila kuzungumza. Pima presha na mapigo. Kisha asimame, mabega yameegemea ukuta, visigino vikiwa mbali nao kama sentimita 15, asichezeshe miguu. Pima kila dakika kwa dakika 10. Mapigo yakipanda kwa 30 au zaidi na kubaki huko (40 kwa wa miaka 12 hadi 19), huku presha ya juu ikiwa haijashuka kwa 20, tatizo lipo kwenye neva zinazoendesha mishipa ya damu. Hali hii hufuata maambukizi mara nyingi. Akitaka kuzimia, mlaze mara moja, jaribio limekwisha.

Jaribio huharibika kwa mambo madogo. Mtu amemeza propranolol, mapigo hayapandi. Hajanywa maji tangu jana, yanapanda kwa yeyote. Limefanywa alasiri, wakati hali hii huonekana zaidi asubuhi. Au, kosa kubwa kuliko yote, mpimaji amepima dakika ya kwanza tu akaondoka, ilhali wengine hupanda dakika ya saba.

Umuhimu wake kwa mada yetu ni huu. Mwanamke mwenye historia ya ukatili anayesema "moyo unanienda mbio" huandikiwa wasiwasi papo hapo. Lakini moyo wa kiwewe huenda mbio kwa kelele, kwa harufu, kwa sauti inayofanana na ya mtu fulani, hata akiwa amelala. Moyo wa tatizo la kusimama hutulia akilala. Anaweza kuwa na yote mawili, na kila moja lina tiba yake.

Uchovu nao una swali lake: ukijituma leo, unaanguka lini? Aliyepungua misuli kwa kulala sana huchoka hapo hapo na kesho ana nafuu. Mwenye ugonjwa wa baada ya maambukizi mara nyingi anaweza kufua nguo Jumamosi akajisikia vizuri, kisha Jumapili jioni au Jumatatu asiweze kuinuka, na hali hiyo ikadumu siku kadhaa au wiki. Huyo ukimwambia afanye mazoezi atoke jasho, unamzidishia. Uingereza iliondoa mazoezi ya kuongezwa hatua kwa hatua kwenye mwongozo wake wa ugonjwa wa uchovu sugu Oktoba 2021. Kinachobaki ni kugawa nguvu: afue nguo tano badala ya beseni zima, akae kwenye stuli, apumzike kabla ya kuchoka na sio baada.

Wapo wanaosikia "kortisoli iko chini" wakakimbilia prednisolone au dexamethasone duka la dawa. Homoni ya jamii hiyo, hydrocortisone, imeshajaribiwa kwa wagonjwa wa uchovu sugu, Marekani 1998, watu 70 kwa wiki 12: nafuu ilikuwa ndogo, na tezi za baadhi yao zilianza kulala. Anayemeza dawa za jamii hii kwa wiki nyingi kisha akaacha ghafla anaweza kuanguka kwa presha ya chini na sukari ya chini.

Je, historia ya utotoni iulizwe? Iulizwe, lakini baada ya vipimo na baada ya kumwambia mgonjwa wazi kwamba unauamini ugonjwa wake. Mume, mama mkwe na shangazi watoke nje. Omba ruhusa kwanza: "Wapo waliopitia magumu utotoni, na wakati mwingine mwili huyabeba. Ungependa tulizungumzie hilo, au tuliache?" Akisema tuliache, liache. Akikubali, usidai maelezo. Kujua kwamba lilitokea kunatosha. Kama mgonjwa ni mtoto na mtesaji bado yumo nyumbani, hapo sio historia tena, ni dharura: namba 116 inapigwa bure Tanzania na Kenya.

Na anayetibiwa kiwewe atibiwe kwa sababu ana kiwewe. Moshi na Bungoma, watoto 640 waliofiwa na wazazi waliingizwa kwenye utafiti wa vikao 12 vya vikundi vilivyoongozwa na watu wa kawaida waliopewa mafunzo, na katika maeneo mengi dalili za kiwewe zilipungua kuliko kwa waliopata huduma ya kawaida. Hilo lilipimwa, likaonekana. Lakini hakuna aliyepima viungo vyao baada ya chikungunya, na mshauri anayeahidi kwamba ukisamehe uliyotendewa uchovu utaondoka anauza asichokuwa nacho.

Faili la mgonjwa lina sehemu ya historia na sehemu ya utambuzi. "Ukatili utotoni", kama mgonjwa amekubali uandikwe, unakaa sehemu ya historia, karibu na sigara na upasuaji wa zamani. Sehemu ya utambuzi iandikwe kile kilichopimwa: "uchovu wa baada ya maambukizi, miezi 5; mapigo 72 akilala, 110 akisimama dakika ya 8." Atakayelifungua faili hilo zamu ya usiku, mgonjwa akiwa ameanguka chooni, ataanza na mapigo na presha.